UZI: Mvua imeingia ghalani, korosho zimeloa. Msimamizi wa zamu aonyeshe mfano kwenye nini hasa?

Mwana_Masasi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Huku Kusini kalenda yetu yenyewe ndiyo mtego. Minada ya korosho inafunguliwa Oktoba, maghala ya Mtwara na Lindi yanajaa Novemba na Desemba, na mvua zetu za msimu mmoja zinaanza hapohapo. Upepo ukiezua bati, unaezua la ghala lililojaa.

Naomba tuijadili dharura hii moja tu, kwa kina. Tuseme ghala lina tani 400, yaani magunia 5,000 ya kilo 80. Usiku mvua imeingia kona moja na magunia kama 120 yameloa. Asubuhi malori yamepanga foleni getini. Vibarua 30 wamekaa chini ya mwembe kwa sababu posho ya wiki iliyopita haijatoka. Wakulima wameshasikia na bodaboda zinaanza kuingia. Msimamizi wa zamu ndiyo kwanza anafika.

Kila semina ya uongozi itamwambia "uwe mfano kwa walio chini yako". Sawa, mfano wa nini? Avue shati abebe gunia? Asimame na daftari? Waliobobea kwenye maghala, mizani, umeme na usalama, tiririkeni. Nataka hatua, si mawaidha.

---

Fundi_Saketi_Lindi

Mkuu, kabla ya gunia kuna swichi kuu.

Maji yakishuka ukutani yanapita kwenye soketi, kwenye taa za darini, na kwenye waya wa mkanda wa kupandishia magunia kama ghala linao. Sakafu ya saruji iliyoloa inapitisha umeme vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mtu wa kwanza kuingia akikanyaga dimbwi lenye waya ulioanguka, dharura ya korosho inageuka msiba.

Msimamizi asimame mlangoni, asiingie. Azime swichi kuu kama inafikika pakavu. Kama ubao wa umeme wenyewe umelowa, asiuguse, apige simu TANESCO wakate kwenye nguzo. Swichi ikishazimwa aifunge kwa kufuli na ufunguo uwe mfukoni mwake, kwa sababu kila mara atatokea mtu wa kusema "giza hili tutafanyaje kazi" na kuiwasha. Taa ziwe za betri.

Huo ndio mfano wangu wa kwanza. Watu 30 wamemwona bosi wao amesimama mlangoni hajaingia mpaka umeme umekatika. Hakuna atakayeingia kabla yake.

---

Kuli_wa_Bandari

Nawaheshimu wote, ila mnaanza kumlinda bosi na kazi mapema mno. Mpagazi haangalii kufuli, anaangalia mgongo. Ukimwambia abebe kilo 80 zilizoloa maji, mzigo ambao sasa umepita hapo, wakati wewe umeshika kalamu, atabeba kwa mwendo wa kinyonga na utakosa la kumwambia.

Msimamizi abebe. Asibebe kutwa, abebe mwanzo, na abebe kwa utaratibu sahihi: wawili wanalishika gunia kwenye pembe nne, wanalinyanyua kwa pamoja hadi kifuani, wa tatu anaingia chini yake akiwa amenyooka. Gunia lililoloa halitikiswi wala halivutwi kwa pembe moja, juti lililoloa linachanika kwenye mshono na korosho zinamwagika miguuni. Akishaonyesha hivyo kwenye magunia matano ya kwanza, hata kijana aliyezoea kujitwisha peke yake ataona haya.

---

Usalama_Kwanza_MTW

Ajomba Kuli, hapo kwenye utaratibu wa kunyanyua nakuunga mkono kabisa. Magunia matano, sawa. La sita amwachie mwingine, na sababu si heshima ya cheo. Mtu aliye chini ya gunia anaona kisogo cha aliye mbele yake tu. Kwenye kupangua rundo lililoloa lazima mtu mmoja awe anaangalia JUU muda wote, na anayetakiwa kuwa huyo ni mwenye mamlaka ya kusema "simama" na watu wakasimama.

Rundo linaanguka hivi. Magunia yaliyopangwa vizuri yanashikana kwa msuguano wa juti kavu na kwa kupishana kama matofali. Yale ya chini yakiloa yanalegea na kubonyea upande mmoja, rundo linaanza kuegemea. Vibarua wenye haraka wanachomoa yaliyoloa kutoka chini kwa kuwa ndiyo yanayotakiwa. Safu nzima inashuka, na gunia moja likitoka juu ya mita 4 halikupi muda wa kukimbia.

Kupangua kunaanzia juu, kwa ngazi ya magunia: safu ya mbele inashushwa matabaka mawili, ya nyuma yake inafuata, ili kila mtu awe na mahali pa kukanyaga na pa kurudi. Hata yaliyo makavu juu ya yaliyoloa yashuke kwanza. Ni kazi mara mbili, ndiyo, lakini njia ya mkato hapa haipo. Kama rundo limeshaegemea ukutani, ukuta huo usiwe na mtu upande wa pili.

Paa: hakuna kupanda bati lililoloa wala penye upepo. Kwenye maghala yetu kuna zile bati za plastiki za kuingizia mwanga. Zikikaa juani miaka kadhaa zinakuwa dhaifu, zinafanana na nyingine zikipata vumbi, na mtu anapita nazo moja kwa moja hadi sakafuni. Msimamizi anayetaka sifa ndiye anayepanda kwanza. Anayejua kazi anafunika magunia kwa turubai kutokea ndani, kisha anasubiri bati likauke.

Na jambo moja wengi wanalisahau. Ghala likiwa lilihifadhi mbaazi au choroko kabla ya korosho, uliza kama lilifukizwa na vile vidonge vya fosfini vinavyowekwa kuua fukusi, na kama mabaki yake yaliondolewa. Vidonge hivyo vinafanya kazi kwa kukutana na unyevu wa hewa polepole. Vikikutana na maji ya mvua vinatoa gesi kwa haraka na vinaweza hata kushika moto. Harufu yake hufanana na kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usiitegemee pua. Ukiwa na shaka fungua milango yote, toa watu nje, mwite aliyefukiza. Hapo hata bosi mwenyewe haingii "kuangalia tu".

---

Bi_Mizani

Nimesoma mpaka hapa. Mmeulinda mwili vizuri, sasa tuulinde uzito, maana kwenye dharura hii ndipo watu wanapomtazama msimamizi kuliko mnavyofikiri.

Chukua gunia moja. Limepokelewa likiwa na kilo 80 na unyevu wa asilimia 9. Ndani yake maji ni kilo 7.2 na korosho isiyo na maji ni kilo 72.8. Hiyo 72.8 haibadiliki. Mvua imeingia, unyevu umepanda hadi asilimia 14. Gawanya 72.8 kwa 0.86, unapata kilo 84.65. Gunia limenenepa kilo 4 na nusu na ushee, na zote ni maji. Kwa magunia 120 ni kilo 558.

Sasa angalia kinachoweza kutokea asubuhi ile ya vurugu. Magunia yanapitishwa mizani yakiwa yameloa, karani anaona "ziada" ya kilo 558. Mtu anapunguza kila gunia mpaka lisome 80 kamili, stakabadhi na mizani vinakubaliana, kila kitu kinaonekana safi. Zilizopunguzwa zinaondoka usiku. Baada ya siku tatu za jua gunia lile la 80 limeshuka hadi 75.6, pungufu karibu kilo 530 kwa magunia yote, na kwenye ripoti linaandikwa neno moja: unyaufu, yaani uzito uliopotea kwa kukauka. Mkulima wa Tandahimba anakatwa kwa unyaufu ambao haukutokana na jua.

Kwa hiyo mfano wa msimamizi uko hapa: aandike kwa mkono wake, mbele ya karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) na mpagazi yeyote anayejua kusoma, safu tano kwa kila gunia. Alama ya AMCOS. Uzito wa kwenye stakabadhi. Uzito wa sasa likiwa limeloa. Unyevu. Uzito baada ya kukauka. Safu ya mwisho ibaki wazi, isijazwe kwa kukadiria.

Na gunia tupu lipimwe pia. Juti kavu ni karibu kilo moja, likinyonya maji linaongezeka sana. Usipolitoa hesabuni utaona korosho nyingi kuliko zilizopo.

Mizani ikaguliwe kabla ya gunia la kwanza: iwe pakavu, iwe sawa kwenye sakafu, isome sifuri, kisha ipande jiwe la kupimia lenye uzito unaojulikana. Likipanda jiwe la kilo 20, mizani isome 20. Fanya hivyo kila mtu akiona.

---

Nachingwea_Ndani

Dada Bi Mizani, shukrani kwa hesabu hiyo. Swali: unyevu huo wa asilimia 14 tunaupataje kwa uhakika? Vipima unyevu vingine vinasoma tofauti kwa gunia lilelile.

---

Bi_Mizani

Mara nyingi kosa liko kwenye sampuli, kifaa chenyewe kinasingiziwa. Bambo la kuchomea mahindi, ule mrija wa kuchoma gunia kutoa sampuli, halifai, korosho ni kubwa, haiingii kwenye mdomo wake. Fungua mshono, chota sehemu tatu: juu, katikati, na upande uliokuwa umegusana na maji. Pima kila sehemu peke yake, usichanganye kwanza. Gunia lililoloa upande mmoja linaweza kusoma 9 katikati na 17 pembeni. Wastani utakuambia liko nafuu huku pembeni ukungu unajiandaa.

Kifaa kiwekwe kwenye kipimo cha korosho ghafi, kisiwe cha mahindi wala ufuta. Korosho iliyotoka juani isipimwe ikiwa moto, iache ipoe kivulini.

Ukikosa kifaa kabisa, njia za wazee bado zinafanya kazi ya kuchuja: korosho kavu ukizitikisa kiganjani zinalia kavu, na ukilikandamiza ganda kwa ukucha wa kidole gumba halibaki na alama. Hiyo inakusaidia kutenga. Isikusaidie kuandika namba.

---

Jamvi_na_Jua

Niongezee kwenye kukausha, maana mleta mada ana magunia 120 na huenda hajapiga hesabu ya uwanja.

Ukitandaza kwa unene wa sentimita 5, gunia moja linataka karibu mita 3 za mraba. Magunia 120 ni mita 360, yaani uwanja wa mita 18 kwa 20. Maghala mengi hayana uwanja huo wa saruji mtupu, na nusu yake pana malori. Watu wanaona hivyo wanatandaza unene wa sentimita 15, wanageuza mara moja mchana, jioni wanafunga. Juu zimekauka, chini zimepikwa na mvuke.

Bora kukausha kwa awamu. Zilizosoma juu ya 14 ziende juani kwanza. Zilizo kati ya 10 na 14 zifunguliwe midomo, zisimamishwe kwenye chaga kivulini penye upepo, mbalimbali. Chini ya 10 hazihitaji jua, zihamishwe tu. Juani geuza kila baada ya saa moja kwa reki ya mbao. Saa 10 jioni kusanya, usisubiri umande. Kwa jua la kawaida la huku ni siku moja hadi tatu.

Alama za AMCOS zisichanganyike hata kama uwanja ni mmoja. Weka kamba sakafuni, kila chama na eneo lake na kibao chake. Hapa ndipo uvivu unapogharimu kuliko mvua yenyewe.

Glovu zigawiwe pia. Korosho zilizopondwa kwenye purukushani hutoa yale mafuta ya ganda, yanachoma ngozi. Asikanyage mtu peku, na asijifute jasho usoni kwa mkono ule. Msimamizi akishika korosho bila glovu kuonyesha ukakamavu, wote watazivua kwa kuwa joto la Desemba linajulikana.

---

Kuli_wa_Bandari

Haya yote mazuri. Ila vibarua bado wako chini ya mwembe. Hakuna aliyewagusa.

---

Katiba_ya_Kazi

Ajomba uko sahihi kabisa, na suala lao lilitakiwa kuwa la pili baada ya swichi.

Msimamizi asiwaendee na hotuba ya uzalendo wa zao letu. Aende na karatasi ya mahudhurio ya wiki iliyopita mkononi. Asome jina na siku, jina na siku, mpaka mwisho, anayeona kakosewa aseme hapohapo. Deni likishakubalika na pande zote, apige simu kwa mwendesha ghala mbele yao, sauti wazi. Jibu lolote litakalotoka wamelisikia wenyewe. Asiahidi fedha asiyoishika. Akisema "mtalipwa saa 8" na yeye hana ufunguo wa fedha hizo, saa 8 na dakika 5 amepoteza ghala.

Kazi ya leo iwe na bei yake kabla ya kuanza, iandikwe. Kupangua na kupanga upya rundo kavu ni kazi moja, kubeba lililoloa hadi uwanjani ni nyingine, kugeuza juani ni ya kutwa na haihesabiwi kwa gunia. Ukiweka bei moja ya gunia kwa yote, watu watakimbilia marundo makavu.

Kwa walioajiriwa, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 ipo wazi: saa ya ziada ni mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apumzike saa nzima. Msimamizi apumzike pia, waziwazi, na amwachie mtu mwenye jina zamu ya kuangalia rundo. Asipopumzika, wa chini yake wanaogopa kupumzika, na saa 9 alasiri mtu aliyechoka anakosea hatua juu ya magunia.

Jioni kwenye karatasi ya malipo, jina lake liwe la mwisho kusainiwa.

---

Kilwa_Pwani

Na getini nani yupo? Malori na wakulima hawatasubiri hesabu za unyevu.

---

Katibu_Mstaafu

Getini kunahitaji ubao na chaki, na namba za kweli.

Andika saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, kila siku mpaka liishe: magunia mangapi yameloa, ya AMCOS zipi, mangapi yameanikwa, mangapi yamerudi chini ya asilimia 10. Hata kama namba haijabadilika, futa na uandike upya na saa mpya. Wakulima wakikuta ubao wa jana watajua wanafichwa, na uvumi wa Newala unafika Mtwara kabla ya lori. Msimamizi asome ubao huo mwenyewe kwa sauti, mara ya kwanza angalau, kwa wasiojua kusoma na kwa wanaotaka kumwona usoni.

Mapokezi yasimame. Malori yaelekezwe ghala jingine kwa maandishi ya chama kikuu cha ushirika, iwe MAMCU, TANECU, RUNALI au Lindi Mwambao, si kwa mdomo wa mlinzi. Siku ileile ya tukio taarifa iende kwa chama kikuu na kwa bodi ya stakabadhi za ghala, kwa sababu tani zile huenda zimeshaorodheshwa kwa mnada unaofuata. Magunia 120 yatolewe kwenye orodha ile. Mnunuzi akichukua sampuli, akapasua kilo moja na kukuta kokwa zenye ukungu, hatashusha bei ya 120 tu. Ataishusha ya shehena nzima.

Bima: piga picha kabla ya kusogeza chochote. Paa lilivyo, kona ilivyo, alama za magunia, na ndoo au kitu cha kuonyesha kina cha maji sakafuni. Halafu ndipo kazi ianze. Mwendesha ghala analazimika kuwa na bima, lakini bima hailipi maneno.

Na kama mfereji wa paa haukusafishwa Septemba, au chaga ziligusa ukuta badala ya kuacha nafasi ya mtu kupita, msimamizi aseme hivyo kwenye ripoti kwa nafsi ya kwanza. Aandike "sikusafisha", asiandike "haukusafishwa". Vibarua wanajua nani alitakiwa kusafisha. Akilikwepa hilo, kesho na wao watakwepa gunia lililochanika mikononi mwao.

---

Mwana_Masasi

Nimeshukuru sana wakuu. Mzee Katibu, hilo la nafsi ya kwanza nitalitilia mkazo. Swali: vifaa hivi vyote, maturubai, taa, glovu, vinatakiwa viwe vingapi ghalani kabla?

---

Jamvi_na_Jua

Kwa ghala la tani 400 usikose maturubai ya kufunika mita 400 za mraba, kamba, taa 6 za betri, reki 8, glovu pea 40, ndoo za maji ya kunywa, na chaga za akiba za kutosha magunia 150. Na viwe ndani ya uzio wako. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika upande wa Kilwa, Kusini tukabaki tunatazamana kwa siku kadhaa. Turubai linalosubiriwa kutoka Dar halipo.

---

Nachingwea_Ndani

La mwisho toka kwangu: magunia yale ya juti yaliyoloa, yanarudishwa kazini?

---

Bi_Mizani

Yaning'inizwe kwenye kamba, yageuzwe nje ndani, jua la kutwa. Yenye madoa ya ukungu au yanayonuka uvundo yatengwe, yasirudi kwenye korosho. Yale mazima yakikauka, pima matatu; yakirudi kwenye uzito wa gunia jipya yanafaa. Usijaribiwe na mifuko ya plastiki hata kwa siku mbili, haipumui. Na kila gunia linaloshonwa upya libaki na alama ileile ya AMCOS, kisha uzito wake uingie kwenye ile safu ya tano.

---

Mwana_Masasi

Nimeielewa, dada. Safu ya tano naichora leo kwenye daftari, kabla mvua haijafika.